Jike la mbuna wa njano limevimba chini ya taya na halitaki kula, ni ugonjwa au ana mayai?

kijana_wa_tabata:
Wakuu habari za jioni. Nina tenki la lita 120 hivi sebuleni, ndani kuna mbuna sita wa njano, wale samaki wa Ziwa Nyasa, na wawili wa bluu ambao muuzaji alisema nao ni mbuna ila jina halijui. Sasa kuna jike mmoja wa njano tangu wiki iliyopita anajificha nyuma ya jiwe, nikimwaga chakula wenzake wanagombania yeye anatazama tu, na pale chini ya taya pamevimba kama kuna kitu amekibana, kila saa anatafuna tafuna hewa. Shemeji anasema ni ugonjwa nimtoe asiambukize wengine, na dukani nimeuziwa dawa ya bluu ila sijaiweka bado. Maji ni ya bomba, nakinga kwenye ndoo yanalala siku nzima wazi ndo naweka. Nimtibu au nimwache? Na kama ni mayai naomba mnielekeze vifaranga wasiliwe maana hawa jamaa ni wakali balaa

bibi_dagaa:
Mwanangu usiweke dawa yoyote!! Huyo anaatamia. Hawa wa Nyasa wanalea mdomoni kama sato tu, akitaga anayaokota mayai mwenyewe hapo hapo, af dume ana vidoti vya njano kwenye pezi la chini karibu na mkia vinavyofanana kabisa na mayai, jike anavifuata akidhani kabakiza yai, kumbe ndo anapokea mbegu na mayai yanarutubika humo humo mdomoni. Huko kutafuna hewa anayageuza geuza maji safi yapite.

Kutokula ni kawaida yao. Kwa maji ya joto la 26 hivi atakaa kama wiki tatu, ikizidi siku kadhaa usishtuke. Angekuwa mgonjwa ungeona tumbo limejaa, kinyesi cheupe kirefu kama uzi, anapumua haraka haraka huku ananing'inia juu ya maji. Wako kavimba kooni, siyo tumboni. Na hiyo dawa ya bluu ukiimwaga kwenye tenki kubwa inaua wale bakteria wanaokaa kwenye filta, halafu utaanza kupambana na amonia, ile sumu ya uchafu wao ambayo hao bakteria huiondoa, wakati samaki walikuwa wazima

fundi_pampu:
Bibi yuko sahihi ni mayai. Mimi hapo namkamua tu mapema, ikifika kama siku ya 18 unalowesha mikono, unamshika kichwa kikiwa chini juu ya beseni lenye maji ya tenki, unafungua taya ya chini taratibu wanadondoka wenyewe. Ukimwachia mama mpaka mwisho kwenye tenki la lita 120 lenye watu wanane asubuhi utakuta hata mmoja hayupo

bibi_dagaa:
Fundi kumkamua ni kwa mtu mwenye mkono uliozoea, taya ya samaki wa sentimita saba nane unaivunja bila kujua. Tena huyu kijana hajui siku aliyoanza, akikamua mapema anatoa mayai au vifaranga bado wana kiini tumboni, hapo inabidi wapulizwe na mkondo wa maji usiku na mchana la sivyo wanaota ukungu. Kwa nini ajitafutie kazi hiyo?

Mwanangu fanya hivi. Tafuta tenki dogo au hata beseni la plastiki la lita 20, lijaze maji kutoka tenki kubwa siyo mapya, weka bomba fupi la plastiki ajifiche. Taa ikizimwa usiku ndo umchote, wakati huo wamepoa, tumia chombo umchote pamoja na maji. Ukimkimbiza na wavu mchana anatema wote au anawameza, hasa kama ndo uzao wake wa kwanza. Akishawaachia mpe chakula siku tatu nne peke yake ndo umrudishe, akirudi amekonda watampiga

mtu_wa_kayole:
Niko Nairobi, huku kwetu bila hita hiyo maji inaenda chini ya 22 usiku rahisi sana na mama anabeba mayai muda mrefu zaidi, nyinyi wa Dar mmebarikiwa joto. Kwangu shida naona ni hao wawili wa bluu. Mbuna wa aina tofauti huzaana wakiwekwa pamoja, kwa hivyo kama baba ni huyo wa bluu utapata machotara, zingine zitakuwa kijivu hazieleweki. Si mbaya kufuga lakini usiwauzie watu kama ni njano safi, na usiende kuwamwaga mtoni juu wamekuwa wengi, hao si samaki wa mto wenu

fundi_pampu:
Umeme je? Huko Tabata ukikatika masaa mengi beseni la lita 20 linaisha hewa haraka kuliko tenki, na maji ya moto yanashika hewa kidogo. Nunua pampu ndogo ya hewa ya kuchaji, haina gharama kubwa. Ukikosa chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu kila baada ya muda, na umeme ukiwa haupo usilishe

kijana_wa_tabata:
Daah asanteni sana, shemeji nimemwonyesha amekaa kimya 😂 Sasa lile beseni filta niweke gani, nikiweka ya kwenye tenki kubwa naogopa itawavuta. Na wanakula nini? kuna mtu kaniambia kiini cha yai la kuchemsha. Af kisima cha jirani maji yake yana chumvi kidogo, yanafaa?

bibi_dagaa:
Filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa, hiyo haivuti mtoto. Ila usiiweke mpya kabisa, itupie kwenye tenki kubwa leo hii ikae humo mpaka siku ya kumhamisha iwe imeshashika bakteria, na ukiiosha osha kwa maji ya tenki, siyo ya bomba yenye klorini.

Kiini cha yai sikipendi, kinachafua beseni ndani ya masaa. Saga kile kile chakula chao kiwe unga, kidogo kidogo mara tatu kwa siku, ukipata artemia (vile vijikamba vidogo sana) nzuri zaidi. Badilisha robo ya maji kila siku mbili. Jike mdogo anatoa kumi mpaka ishirini hivi kwa hiyo beseni linatosha kwa mwanzo.

Maji ya kisima yanaweza kufaa sababu Ziwa Nyasa lenyewe pH yake (kipimo cha uasidi wa maji) inacheza 7.8 mpaka 8.6, ila chumvi ya baharini siyo madini ya ziwa, pima kwanza na usibadilishe ghafla wakati jike ana mzigo mdomoni. Watoto warudishe tenki kubwa wakifika sentimita tatu, wakati huo hawaingii tena midomoni kwa wakubwa. Ukiona dume lipi ndo baba tuambie, huyo wa Kayole anasubiri machotara wake