Tupeane uzoefu: mliopata kazi TANESCO, mamlaka za maji, RUWASA (wakala wa maji vijijini) na kwingineko kwenye umeme na maji, mliingiaje?

mwenye_mada
Habari zenu wakuu. Nina mdogo wangu kamaliza chuo cha ufundi VETA, umeme, yuko mtaani anazunguka na bisibisi na testa, akipata waringi ya chumba na sebule anashukuru Mungu. Kila anayemuuliza habari za kazi za shirika anamjibu "bila mtu ndani usijisumbue", sasa dogo kaanza kuamini, hata Ajira Portal, ile tovuti ya serikali ya kuombea kazi, hafungui tena. Naomba stori za watu walioingia kweli, awe fundi, msoma mita, mhasibu, yeyote, ulianzia wapi na kilichokuvusha ni nini. Za "nasikia" tuwaachie vijiwe vya kahawa.

nguzo_tisa
Nianze mie. Sikuingilia geti kubwa, niliingilia kwa mkandarasi wa miradi ya REA, wale wa umeme vijijini. Walikuja wilayani kwetu wanahitaji vibarua, kazi yenyewe kuchimba mashimo, na shimo la nguzo si shimo la mgomba, nguzo ya mita tisa inazama chini karibu mita moja na nusu, ukikutana na mwamba siku nzima unapiga mtaimbo. Wenzangu wengi walikuwa wakilipwa wanaondoka, mimi nilikuwa nabaki nyuma naangalia mafundi wanavyovuta waya, wanavyofunga steyi (waya wa kushikilia nguzo isilale), wanavyopandisha transfoma, basi foreman akaanza kunituma vitu, lete hiki shika kile, baadae nikapewa mkanda na viatu vya kupandia nikawa napanda. Cheti cha VETA nilikuwa nacho ila nawaambia ukweli pale ndo nilijifunza laini, chuoni tulikuwa tunaiona ukutani.

Tangazo lilipotoka nikaomba kwenye Ajira Portal kama watu wengine, mchujo wa kuandika nikapita, nikaitwa wa vitendo. Hapo ndo watu walianguka. Unaambiwa kuna hitilafu kwenye laini, panda ukatengeneze. Jamaa mwenye GPA kali akavaa mkanda moja kwa moja akaenda kwenye nguzo! Msaili akamwambia asante, inatosha. Wanachotaka kuona kwanza ni kama laini umeizima, umehakikisha hakuna mtu atakayekuja kuiwasha ukiwa juu, umepima kama kweli haina moto, umeweka ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) pande zote mbili za unapofanyia kazi, ndo uguse. Haya mambo kwa mkandarasi tulikuwa tunayafanya kila siku mpaka unayafanya usingizini. Kwahiyo dogo asiogope kubeba nguzo, mwambie akitoka hapo aombe barua ya utambulisho kwamba alifanya kazi, watu wengi wanaondoka na hela ya wiki ya mwisho tu.

mama_klorini
@nguzo_tisa umenikumbusha mbali. Mimi ni upande wa maji, nimesoma Chuo cha Maji pale Ubungo, maabara. Wengi hawakijui hiki chuo, wanadhani maji ni uhandisi tu wa chuo kikuu. Kina kozi za maabara, za kuchimba visima, za usambazaji maji, na watu wake wanatafutwa kwa sababu mtambo wa maji haulali.

Field nilifanyia kwenye mtambo mmoja, mvua zikinyesha mto unakuja kama chai ya maziwa, hapo ndo unajua kazi. Unachukua maji kwenye majagi, kila jagi unaweka shabu kiasi tofauti, unakoroga, unaangalia lipi limetulia vizuri tope likashuka, ndo unawaambia wa pampu waweke kiasi gani. Ukikosea kidogo mji mzima unaanza kupiga simu maji machafu. Na klorini usipime mtamboni tu, ifuate mpaka bombani kwa mteja kule mwisho wa laini uone imebaki kiasi gani.

Ila ajira yangu ya kwanza haikuwa maabara, ilikuwa mkataba wa kusoma mita. Wenzangu niliosoma nao walinicheka kwamba diploma nzima unaenda kupigwa na mbwa. Na mbwa walikuwepo kweli 😂 mita iko ndani ya geti, mama mwenye nyumba anakwambia rudi kesho, kesho anakwambia bili mnabambikiza. Lakini kile kipindi nilijua mtandao wote wa lile eneo, wapi bomba linavuja, wapi mita imekufa inasoma sifuri miezi, nani kajiunganishia. Mamlaka za maji kichwa kinawauma kwa maji yanayopotea njiani bila kulipiwa, sasa mtu anayeweza kukaa kwenye kikao akasema mtaa fulani maji yanapotelea hapa, huyo hawamwachi kirahisi. Nafasi ya maabara ilipotangazwa niliomba kama mwingine yeyote, nikafanyiwa usaili, lakini nilikuwa naongea vitu nilivyoviona kwa macho.

Kijana_wa_Tabata
Mama hapo kwenye mita kusoma sifuri ndo nyumba yetu tulivyopanga, mwenye nyumba alikuwa anafurahi kinoma 😂😂

mama_klorini
@Kijana_wa_Tabata mwambie aanze kuweka akiba, zikigunduliwa inapigwa hesabu ya nyuma.

pdf_hunter
Mimi nitaongelea portal maana watu wanaisema vibaya. Niliingia kwa kanzidata. Yaani nilifanya usaili wa mahojiano, nikafaulu, nafasi zikajaa waliokuwa juu yangu, nikaona ndo imeisha hiyo nikaendelea na duka la mjomba. Siku hiyo rafiki yangu ananipigia, jina lako liko kwenye PDF ya kupangiwa kituo cha kazi. Nikasema acha utani. Kumbe waliofaulu wakakosa nafasi wanawekwa, ikitokea taasisi inahitaji mtu wa kada ileile wanachukua humo. Nilipangiwa mbali na nyumbani sana, mama alilia, nikaenda.

Sasa vitu vinavyoua watu kabla hata ya kuitwa. Barua ya maombi haina saini. Mtu anapakia statement of results au result slip wakati tangazo limeandika wazi havipokelewi, wanataka cheti chenyewe. Cheti hakijathibitishwa na mwanasheria. Tangazo linasema Fundi Sanifu Daraja la II, we una cheti cha ufundi stadi unaomba tu "huwezi jua". Mashine inakutema. Soma sifa za kada, siyo jina la shirika peke yake. Na umri mwisho 45 mara nyingi, kwahiyo kuna muda, watu wa miaka 30 mnaongea kama mmezeeka.

mhasibu_bomba
Niongezee kidogo, haya mashirika siyo mafundi tu. Mimi mhasibu. Kuna manunuzi, TEHAMA, huduma kwa wateja, sheria, madereva (hao nao wana usaili wa vitendo). Ila kama uko kijijini msidharau vile vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, vilivyo chini ya uangalizi wa RUWASA tangu ilipoanzishwa 2019. Vinaajiri mafundi na wahasibu wake vyenyewe. Mshahara hautakutosha kununua gari, lakini ukishika hesabu za mradi wenye vituo vya kuchotea maji na wateja wa majumbani mwaka mzima, ukienda usaili unaulizwa swali unajibu kwa mfano, wenzako wanajibu kwa notisi.

mtu_wa_Wete
Wakuu wa bara msisahau huku kwetu mambo mengine. ZECO (umeme) na ZAWA (maji) hazipitii hiyo portal yenu, ni taasisi za serikali ya Zanzibar na ajira zake zina utaratibu wake huku huku. Namwona kila mara mtu wa Unguja anahangaika na Ajira Portal anasubiri tangazo la ZECO, atasubiri sana. Umeme ndo tunachukua kwenu kwa waya wa chini ya bahari, ajira hapana 😄

jamaa_wa_Likoni
Hamjambo, mimi nawasoma nikiwa Mombasa. Huku kila shirika hutangaza lenyewe, Kenya Power kivyake, KenGen kivyake, kampuni za maji za kaunti kivyao, kwa hivyo lazima uwe unachungulia tovuti zao mara kwa mara. Mimi ni fundi wa mfereji, nilianza na trade test, mitihani ya ufundi ya NITA, Grade III, nikapanda II, halafu I, huku nafanya vibarua vya mjengo. Kuna wenzangu waliosomea maji KEWI, chuo cha maji cha Nairobi, wao walianza juu kidogo. Lakini kitu kilichonichokesha si intavyuu, ni makaratasi, uende KRA ya kodi, uende HELB kama ulichukua mkopo wa masomo, cheti cha tabia njema cha polisi, EACC ya kupambana na ufisadi, CRB ya kumbukumbu za madeni, na zote zataka kuwa mpya. Usingoje uitwe ndio uanze kutafuta, kile cha polisi chaweza kuchelewa wakampa mwingine. Hapa mji wetu maji yatoka mbali, Mzima, Marere, Baricho, bomba likipasuka huko nyuma mji wote walia, kwa hivyo kazi iko, tena hata usiku wa manane waitwa.

bisibisi_huru
Mimi nitawavunja moyo kidogo au nitawapa moyo, sijui. Niliomba nikachoka, sikupata. Sasa hivi sitaki tena. Nilichofanya nikakata leseni ya ufungaji umeme ya EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, inaombwa mtandaoni, ina madaraja kulingana na elimu na uzoefu wako. Mteja akitaka kuunganishiwa umeme TANESCO lazima waringi yake iwe imefanywa na kusainiwa na mwenye leseni, kwahiyo wale mafundi wa mtaani wasio nayo wanafunga nyumba halafu wanakuja kuniomba nisaini. Sisaini kazi ambayo sijaikagua, nikikuta ethi imechomekwa kwenye mchanga wa ndoo (nimeikuta!) mnatoa mnarudia. Mdogo wako @mwenye_mada hata kama anasubiri shirika leseni akate, inamlisha na kwenye sivii inakaa vizuri.

Kijana_wa_Tabata
Sasa na hawa wanaosema "toa laki tano jina lako liingie kwenye listi" vipi? Kuna mmoja kanifuata inbox na nembo ya serikali kwenye picha ya profaili.

pdf_hunter
Mblock. Binamu yangu alituma hela kwa mtu wa hivyo, akapewa mpaka "barua ya kuitwa kazini" yenye muhuri, alifika pale mlinzi akamwambia wewe ni wa tatu leo. Portal haikudai hata mia. Na ukiona jina la mtu wa cheo limetajwa kwenye simu ya kuombwa hela ndo ujue kabisa.

mwenye_mada
Aisee nimeshukuru sana, dogo nimemsomesha yote kakaa kimya, kaenda kutafuta faili lake la vyeti lilipo. Kaanza na leseni. Ila kuna shida tumeigundua leo, cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, cha VETA mawili na moja limeandikwa tofauti. Kwa mwanasheria akala kiapo itatosha?

pdf_hunter
Hapana, hapo wengi wanarudishwa mlangoni siku ya usaili. Kwenye matangazo ya kuitwa usaili wanasema kabisa majina yakitofautiana uje na deed poll, yaani hati ya kisheria ya majina. Inaandaliwa na wakili halafu inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, wizara ya ardhi, ikiwa haina usajili ni karatasi tu. Na NIDA yake (kitambulisho cha taifa) aangalie jina limekaaje, portal inaanzia kwenye namba ya NIDA, kwahiyo vyeti vifuate jina hilo. Afanye sasa hivi kabla tangazo halijatoka, likitoka siku ni chache.