Naomba ushauri: nafunga kundi letu la simulizi za safari za Ziwa Victoria, niwaage vipi wanachama?

Msimamizi wa Kirumba
Wanajamvi, habari za jioni. Naandika nikiwa Kirumba, Mwanza, na naomba ushauri wenu kwa moyo mzito. Tangu 2012 nasimamia kundi la Facebook la watu wanaopenda safari za Ziwa Victoria, ambamo kila mwanachama husimulia safari yake mwenyewe: alipanda chombo gani, aliketi na nani, alikula nini, aliona nini. Tulianza watu kumi na wawili, na leo tumepita elfu tatu. Humo mna safari za Nansio, Ukara, Kome, Kemondo, Bukoba, Musira, na hata Rubondo kwa waliobahatika. Nimeamua kulifunga ifikapo mwisho wa mwezi huu kwa sababu nimechoka, kazi zimenizidi, na wanaoandika siku hizi ni wachache kuliko wanaobishana. Ninachouliza ni kimoja tu: niwaage kwa namna gani ili wasione nimewatupa?

Binti Nansio
Pole, kaka. Mimi nakuomba usifunge, umkabidhi mtu mwingine. Nimezaliwa Ukerewe lakini naishi Dodoma, na nikizidiwa na upweke huwa nasoma simulizi za watu waliopita kwetu. Kuna mmoja aliandika jinsi harufu ya dagaa walioanikwa ilivyompokea kabla hajakanyaga gati, nikalia peke yangu ofisini. Na kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, sisi tulio mbali tuliwakumbuka watu wetu kwa kurudia kusoma safari ambamo waliwahi kutajwa, kwa sababu hatukuwa na picha zao nyingine.

Mwalimu wa Sengerema
Tatizo ni kwamba watu wameacha kusimulia. Mtu anapiga picha yake darajani, anaandika maneno matatu, amemaliza. Mimi nimevuka Kigongo kwenda Busisi kwa kivuko kwa zaidi ya miaka ishirini, na foleni ile ndiyo iliyonifundisha kusikiliza. Mtu ungemkuta amesimama na gunia la mpunga, mnaanza kwa salamu, mpaka kivuko kirudi upande wenu mmeshafahamiana hadi majina ya wajukuu. Tangu daraja la takribani kilomita 3 lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025 tunavuka kwa dakika chache, na ninashukuru kwa ajili ya wagonjwa na kina mama wajawazito waliokuwa wakikesha ng'ambo. Hata hivyo hakuna tena mahali pa kuzungumzia pale katikati ya maji. Kwa hiyo kundi kama lako lilikuwa foleni yetu mpya, na wewe unataka kuiondoa.

Nakala Mbili
Ndugu msimamizi, kabla ya maneno ya kuaga fikiria nakala. Makundi ya wasafiri yamefungwa mengi duniani, na kila mara waliopoteza ni wale waliodhani kwamba kilichoandikwa mtandaoni hakipotei. VirtualTourist, ambamo watu wa nchi nyingi waliweka maelezo ya safari zao kwa miaka, ilifungwa Februari 2017. Yahoo Groups yalifungwa tarehe 15 Desemba 2020, na mafaili na picha zilizokuwa humo zilikuwa zimeanza kuondolewa mwaka mmoja kabla. Wamiliki walitoa taarifa mapema, lakini taarifa hiyo haimfikii mtu ambaye hajaingia kwa miaka mitatu au aliyesahau nywila. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza safari yangu ya treni kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, niliyoiandika kituo kwa kituo, kwa uvivu wa kutoinakili.

Facebook humruhusu mwanachama kupakua nakala ya taarifa zake mwenyewe, lakini msimamizi hana kitufe cha kupakua kundi zima. Wape watu miezi, si wiki. Tena unaweza kulisitisha kundi tu, watu wakaendelea kusoma bila kuandika jipya, badala ya kulifuta.

Mzee wa Igoma
Wanangu, mimi si mtu wa kuandika sana. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza, nilimpoteza shemeji yangu, na hatukumpata wa kumzika kwa jina. Tangu siku hiyo sijapanda chombo chochote cha majini. Nikitaka kwenda Bukoba napita barabarani. Lakini mjukuu wangu hunisomea safari za watu kwenye simu, yule anayeeleza jinsi alivyoamka alfajiri akaona taa za Kemondo, yule aliyeshuka Bukoba na Kisiwa cha Musira kikiwa mbele yake kama kichwa kinachochungulia majini. Hizo ndizo safari zangu za ziwani kwa karibu miaka thelathini. Sijui kama kundi ninalosomewa ni hilo lako au ni jingine, lakini nilitaka ujue kwamba wapo wasomaji ambao huwaoni.

Dada wa Nyegezi
Kaka, shikamoo. Nimesoma swali lako mara mbili na kuna kitu hakikai sawa. Mtu aliyechoka huacha tu, wala hapangi tarehe. Umeshauriwa umkabidhi mwingine hukujibu, umeshauriwa usitishe hukujibu. Kwa nini mwisho wa mwezi huu? Kuna nini kitakachotokea mwezi ujao?

Msimamizi wa Kirumba
Marahaba, dada. Nilitarajia swali hilo lisiulizwe.

Kundi hili nililianzisha na rafiki yangu ambaye tulimzika mwaka jana. Yeye ndiye aliyekuwa roho ya kundi. Aliandika safari zake kwa namba, kuanzia Safari ya 1 hadi Safari ya 94, na wengi walijiunga kwa ajili yake. Baada ya arobaini, binti yake mkubwa aliniomba nimwingize kundini. Akaanza kusoma safari za baba yake kwa mpangilio, moja kila usiku baada ya chakula, na kila akimaliza huweka alama ya moyo. Wakati mwingine huandika neno, kama vile "Hapa ndipo alipotuletea senene" au "Kumbe siku ile mvua ilimkuta Nansio."

Kuanzia Safari ya 61, ya mwaka 2017 kwa meli ya Victoria kwenda Bukoba, katika picha na katika maneno anaonekana mwanamke mmoja. Marehemu humwita "mwenzangu wa safari". Si mke wake. Yumo katika safari kumi na moja. Jana usiku binti aliweka moyo kwenye Safari ya 56.

Sasa mmejua kwa nini nina tarehe. Najua wengi mtanilaumu, lakini mama yake bado amevaa nguo za msiba. Nimeshazuia watu wasiandike jipya, na nimeshafuta Safari ya 61 na ya 62. Nilifanya hivyo kulinda jina la mtu asiyeweza kujitetea.

Mwalimu wa Sengerema
Umefanya vema. Ya marehemu hufukiwa pamoja naye. Watoto wa siku hizi wanataka kujua kila kitu, na kujua kila kitu si baraka.

Binti Nansio
Mwalimu, naomba tutofautiane kwa heshima. Kwanza, kaka, wewe mwenyewe unajua huyo mwanamke alikuwa nani? Kwetu visiwani mtu husafiri na dada wa ukoo, na mkwe, na mteja wake wa dagaa, na mara nyingine na mtu aliyekutana naye gatini. Aliyepanda nawe boti moja si lazima awe mliyelala naye chumba kimoja.

Msimamizi wa Kirumba
Sijui, dada. Hakuwahi kuniambia, nami sikumuuliza. Tulikuwa marafiki wa miaka mingi na kulikuwa na mambo tuliyoachiana. Lakini jinsi alivyoandika kumhusu, alivyoeleza namna alivyomshika mkono wakati wa kushuka, mtu mzima akisoma anaelewa.

Karani Mstaafu
Naingia kwa upande wa sheria, kwa kuwa hakuna aliyeugusa. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi ya mtunzi katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Maandishi yale na picha alizopiga vimo katika mirathi kama vile nyumba na shamba. Kuanzisha kundi hakukufanyi mmiliki wa safari za watu. Ulipofuta Safari ya 61 na 62 ulifuta mali ya warithi, na huyo binti ni mmoja wao. Ukitaka kulaumiwa na sheria pamoja na ukoo kwa wakati mmoja, endelea.

Upande wa pili, huyo mwanamke huenda yu hai, na sura yake iko mbele ya watu elfu tatu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, nayo inamhusu mtu kama yeye. Kama ungetaka kumlinda mtu, ungeanza na yeye. Je, umewahi kumtafuta?

Msimamizi wa Kirumba
Sijamtafuta. Sina namba yake, na hata ningekuwa nayo ningemwambia nini? Ninyi mnazungumza juu ya sheria, lakini mimi ndiye ninayekutana na mjane sokoni Mwaloni.

Mpima Maneno
Samahani kwa kuharibu mazungumzo. Mimi nimefanya kazi karibu na Bandari ya Mwanza Kaskazini. Mwaka 2017 meli ya Victoria haikuwa ikisafiri. Ilikuwa imesimama kwa miaka kadhaa ikisubiri ukarabati, na ilirudi majini 2020 ikiitwa New Victoria. Hakuna mtu aliyekwenda nayo Bukoba mwaka huo, awe na mwenzake au awe peke yake. Tumekwisha kusoma humu visa vingi vya kutungwa, vyenye marehemu, mjane na binti mwenye machozi, na watu wenye moyo mwema kama Mzee wa Igoma wanafungua vidonda vyao bure. Mleta uzi atueleze.

Dada wa Nyegezi
Hata mimi nimeshtuka. Mzee wa Igoma ametaja shemeji yake. Ikiwa hili limetungwa, ni dhambi.

Msimamizi wa Kirumba
Ndugu Mpima Maneno, uko sahihi kuhusu meli. Nilibadilisha chombo, mwaka na mwelekeo kwa makusudi, ili mwanachama wa kundi letu akipita hapa asitambue ni safari ipi. Sikufikiri kuna mtu angekumbuka mwaka ambao meli ilisimama. Namba za safari ni za kweli, binti ni wa kweli, na mioyo anayoiweka ni ya kweli. Namwomba radhi Mzee wa Igoma.

Mpima Maneno
Nakubali maelezo yako kwa sehemu. Lakini jitazame unachokifanya. Kule umefuta safari mbili za marehemu, na hapa umempandisha meli ambayo hakuipanda. Watu wa ziwani tunakumbushana kwa majina ya vyombo na tarehe, kwa sababu ndivyo tunavyojua nani alikuwa wapi siku ya msiba. Ukiruhusu mkono wako uzoee kurekebisha safari za mtu, hutajua pa kukomea.

Mzee wa Igoma
Mimi sina kinyongo. Nasema jambo moja tu. Shemeji yangu aliondoka Bukoba bila kutuambia, na hadi leo hatujui alikuwa akija kumwona nani Mwanza. Dada yangu amezeeka akijiuliza. Angepewa hata karatasi yenye jina la mwanamke, angeipokea.

Jicho la Busisi
Nimechelewa kuingia, lakini nadhani najua ni kundi lipi. Msimamizi, kama ndilo lile lenye picha ya Jiwe la Bismarck juu, basi mimi ni mwanachama wako. Niliandika humo 2019 kuhusu siku niliyomvusha mama yangu Busisi kumpeleka hospitali ya Bugando. Alikaa kwenye kivuko akila karanga, akanisimulia jinsi alivyovuka hapo alipokuwa mwali. Alifariki wiki ile ile. Simu yangu iliibwa baadaye, na maneno yake yale hayapo mahali pengine popote isipokuwa humo. Sijui mambo ya marehemu rafiki yako, na sitaki kuyajua. Naomba tu usije ukayafukia ya kwangu pamoja na ya kwake.

Msimamizi wa Kirumba
Ndilo, ndugu yangu. Karanga nazikumbuka. Nimeitafuta sasa hivi, iko salama na picha zake mbili. Nakutumia nakala usiku huu. Tarehe ya kufunga nimeiondoa, na nitawaandikia wanachama kwamba kila mmoja achukue safari zake kwanza, kama Nakala Mbili alivyoshauri.

Kuna jambo sikulisema. Siku nne zilizopita binti aliniandikia kwamba amechungulia mbele kwenye orodha na kuona namba zinaruka kutoka 60 hadi 63. Aliuliza, "Anko, hizi mbili ziko wapi?" Sikumjibu. Safari zile nilizinakili kwenye simu kabla ya kuzifuta, maneno na picha zote. Nimemjibu jioni hii kwamba ninazo, na kwamba nisingependa azisomee kundini, mbele ya watu elfu tatu. Amesema atakuja Kirumba Jumamosi baada ya soko, na ameuliza kama anaweza kuja na mama yake.

Dada wa Nyegezi
Umemjibuje kuhusu mama?

Msimamizi wa Kirumba
Nimemwambia waje wote wawili.