Kulanti ya nano kwa semi inayochemsha Kitonga, inasaidia kweli? Naomba ushauri

Mbeba Shehena
Wakuu habari za kazi. Nina semi inapiga Dar–Tunduma, kwenye tambarare haina neno, mshale umetulia katikati, ila ikifika Kitonga na mzigo kamili mshale unaanza kupanda mpaka dereva anatafuta pa kupaki asubiri ipoe, na mnaijua ile milima, kona kali na magari yanashuka na mizigo, kupaki pale ni roho mkononi. Sasa kuna duka la spea Kariakoo wananiambia nichukue chupa ya nusu lita yenye chembe za nano, unamimina kwenye rejeta na eti upoaji unaongezeka mpaka asilimia 40. Bei imechangamka. Mfumo wangu unachukua kama lita 40 za kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini. Aliyewahi kutumia aniambie, na wataalamu mnisaidie, hii kitu ipo kisayansi au naenda kupigwa?

Joto Halidanganyi
Mkuu sayansi ipo, tena ya siku nyingi. Hizo zinaitwa nanofluidi, jina lilianzia Argonne, maabara ya taifa ya Marekani karibu na Chicago, mwaka 1995, kwa Stephen Choi. Wazo lenyewe ni kwamba vimiminika vinapitisha joto kidogo sana: maji ni kama 0.6 kwa kipimo cha wati kwa mita kwa digrii, glaikoli ya kwenye kulanti ni kama 0.25, wakati shaba inakaribia 400. Basi wakasema tusage metali iwe chembe chini ya nanomita 100, ndogo kiasi cha kuelea, tuone.

Na hiyo 40 nafikiri najua wameiokota wapi. Mwaka 2001 Choi na wenzake walitoa matokeo ya shaba ndani ya glaikoli, shaba haifiki hata asilimia 1 ya ujazo, na upitishaji wa joto ukapanda mpaka asilimia 40. Dunia nzima ikachangamka. Ila soma vizuri, kilichopanda ni upitishaji wa joto wa kile kimiminika, siyo kwamba injini ilipoa kwa asilimia 40, hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Halafu 2009 yakatoka majibu ya zoezi kubwa, maabara zaidi ya 30 za nchi mbalimbali zilipewa sampuli zilezile zikapima kila moja kwa vifaa vyake, na walichokuta hakikuwa na maajabu, kilienda sambamba na hesabu zilizotokana na kazi ya mwanafizikia Maxwell ya karne ya 19. Kwa kukadiria, ukiweka chembe asilimia 1 ya ujazo unapata nyongeza ya kama asilimia 3.

Sasa chukua chupa yako. Tuseme wamekuwa wakarimu, asilimia 10 ya ujazo wake ni chembe, hizo ni mililita 50. Kwenye lita 40 ni asilimia 0.125. Nyongeza haifiki hata nusu asilimia. Mshale wa joto hauwezi kuiona hiyo.

Mama Spea
Mimi nauza vipuri na hizo chupa nimeletewa nikazikataa. Kaka kabla hujatoa hela iombe chupa uiweke kwenye mzani. Alumina, ile inayotumika sana, ina uzito kama mara nne ya maji, kwa hiyo nusu lita yenye asilimia 10 ya alumina inatakiwa ifike karibu gramu 650 bila chupa. Ikisoma 500 na kidogo ujue unanunua maji yenye rangi. Halafu mimina kidogo kwenye chupa tupu ya maji inayoonyesha ndani, changanya na kulanti unayotumia, iache mpaka kesho. Ukikuta tope limelala chini, hilo tope ndilo litaenda kulala kwenye mirija ya rejeta yako.

Kipisi
Mimi niliweka na gari iliacha kuchemsha, msiponde kila kitu jamani.

Joto Halidanganyi
@Kipisi siku uliyoweka fundi aligusa nini kingine?

Kipisi
Alitoa kulanti ya zamani, akaflashi, akabadilisha tamostati (ile vali inayoruhusu kulanti kwenda rejeta) na kifuniko cha rejeta.

Joto Halidanganyi
Basi hapo ni vigumu kuipa sifa ile chupa. Kifuniko peke yake ni kitu kikubwa, kikishikilia presha ya bar 1 maji yanachemka kwenye 120 badala ya 100, springi ikichoka hiyo akiba yote inapotea.

Fundi Rejeta Moro
Mleta mada nisikilize mimi nashinda nazo hizi. Joto linatoka injini, linaingia kwenye kulanti, linapita mirija, linaishia kwenye hewa. Kwenye kulanti kwenda mirija halipati shida, shida iko kwenye hewa, hewa ndiyo nzito kupokea joto na ndiyo maana rejeta imejaa mapezi. Ni sawa na daladala iliyokwama kwenye foleni, kuiongezea spidi ya injini hakukufikishi. Kwa hiyo hata hiyo nano ingekuwa ya kweli kabisa bado unatibu pasipouma.

Tena gari yako inachemsha mlimani tu, yaani spidi ndogo, mzigo mkubwa, upepo wa barabarani hakuna, inategemea feni peke yake. Angalia klachi ya feni, ile inayoishika feni izunguke na injini. Injini ikiwa ya moto, izime kabisa, zungusha feni kwa mkono, ikizunguka kirahisi bila kukaza, klachi imekwisha. Halafu fungua intakula, kile kipoza hewa ya injini kilichokaa mbele ya rejeta, angalia kati yake na rejeta. Kwa nje unaona safi, ukitenganisha unakuta vumbi, wadudu na manyoya ya majani yameshikana kama blanketi, mwanga haupiti.

Mwanafunzi wa Mekanika
Naongezea, chembe zinaongeza mnato, pampu inafanya kazi zaidi, na kila kilo ya kulanti yenye chembe inabeba joto pungufu kuliko isiyo na chembe. Pia chembe ngumu zinaweza kula sili ya pampu. Siyo kwamba utafiti ni wa bure, kwenye mitambo ya jua kuna kazi nzuri, kimiminika cheusi chenye chembe kinanyonya mwanga chenyewe bila kusubiri bati lipate moto kwanza. Ila huko ni kazi nyingine.

Mbeba Shehena
Asanteni sana wakuu, hela ya chupa imebaki mfukoni. Gari iko gereji, intakula imetolewa, na Fundi Moro ulichosema ndicho tumekuta, zulia zima la uchafu, theluthi mbili ya rejeta imeziba. Feni nayo inazunguka yenyewe ukiigusa tu. Klachi nimeagiza. Vijana wanataka kuosha rejeta kwa mashine ya presha, niwaache?

Fundi Rejeta Moro
Wazuie! Presha kubwa inalaza mapezi na hapo utakuwa umeiziba moja kwa moja. Maji ya mpira wa kawaida na sabuni, uchafu ulainike, halafu pulizeni kwa hewa kutoka upande wa feni kuja mbele, siyo kinyume. Pezi lililolala linyanyuliwe taratibu kwa bisibisi nyembamba.