Naomba ushauri: vipimo vya utimamu wa mwili kwa vijana wa skii ya majini

Kocha Mgeni: Ndugu wanajukwaa, ninafundisha vijana 11 wa miaka 12 hadi 15 wanaovutwa na boti, wengine kwa skii, wengine kwa weikibodi (ubao mmoja unaosimamiwa kwa miguu yote miwili). Kabla ya msimu niliwapima kwa mbio za kwenda na kurudi za mita 20, pamoja na pushapu. Ajabu ni kwamba binti aliyeshika mkia katika mbio ndiye anayewashinda wenzake majini, ilhali mvulana aliyeongoza huachia mpini wa kamba kabla ya boya la nne. Je, nimekosea vipimo?

Mzee wa Kamba: Kocha mwenzangu, mbio hizo zinafaa kujua afya ya moyo na mapafu kwa jumla, lakini hazikuonyeshi nani atadumu kwenye kamba. Njia ya slalomu, yaani ya kupinda huku na huku, ina maboya 6 ya kuzungukwa na urefu wa mita 259, hivyo boti ikienda kilomita 40 kwa saa, kijana huimaliza kwa sekunde 23 hivi. Muda huo ni mfupi mno kwa pumzi kumwishia. Kinachomwangusha ni vidole, vigasha na mgongo, ambavyo hukazwa mfululizo bila kupumzishwa. Mpe kipima mshiko, yaani kifaa kinachoonyesha nguvu ya kubana kwa kilo, abane mara tatu kwa kila mkono, uandike tokeo bora, kisha aning'inie kwenye bomba huku ukihesabu sekunde. Pushapu mimi niliziacha zamani, kwa sababu mchezo huu ni wa kuvuta, si wa kusukuma.

Mtibabu wa Viungo: Naongeza kwamba kilo za mshiko zigawanywe kwa uzito wa mwili, kwani huenda binti huyo ni mwepesi na nguvu zake zikilinganishwa na uzito wake zinawazidi wenzake. Pia andika urefu wao kila baada ya miezi mitatu, wakiwa wamesimama na wakiwa wameketi. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi zaidi karibu na miaka 12, wavulana karibu na 14, na katika kipindi hicho kijana anaweza kupoteza mizani kwa muda bila kuwa mvivu. Usiwapange kwa umri wa vyeti pekee. Mlinganishe kila mmoja na matokeo yake ya awali.

Mzee wa Kamba: Hapo umenena. Kocha, usisahau kusimama kwa mguu mmoja, kila mguu kwa zamu, maana anayetumia skii moja huegemea upande uleule siku zote.

Kocha Mgeni: Nashukuru sana. Mvulana yule amerefuka ghafla tangu msimu uliopita, nami nilikuwa nikimkaripia. Je, wanaoanza nao niwapime hivyohivyo?

Mtibabu wa Viungo: Kwao tangulia kutazama namna wanavyochuchumaa na kuinama, kwa kuwa anayenyoosha magoti mapema wakati boti inamwinua anaweza kuchana misuli ya nyuma ya paja. Asiyeweza kuchuchumaa vizuri nchi kavu asifungiwe skii kwanza.