Wazazi wafupi, mtoto wa miezi 18 ana sm 76: ni mbegu au ni udumavu?

Ghala_Limejaa (muuliza swali)

Wadau, naomba hoja za kuniongoza. Mtoto wa kiume, miezi 18, urefu sm 76.0, uzito kilo 9.6. Baba ana sm 163, mama 151. Bado ananyonya, anakunywa uji mara tatu kwa siku na ugali jioni. Wanaishi Iringa vijijini, mahindi yapo, maharage yapo. Kila akipimwa familia inajibu "mbegu yetu ni fupi", na bibi mzaa baba akishasema hivyo mjadala umefungwa. Kuna namna ya kutenganisha urithi na lishe kwa namba? Na ile fomula ya kukadiria urefu wa mtoto kutokana na wazazi inafaa hapa?

Ubao_na_Rula

Kabla ya mbegu, tuanze na kipimo. Umepima kwa nini? Futi ya fundi cherehani inapinda na kumfuata mtoto mwilini, unaweza kukosea sm 2 bila kujua. Chini ya miaka 2 mtoto analazwa chali juu ya ubao wa kupimia, watu wawili: mmoja anashika kichwa kiguse ubao wa juu, macho yatazame dari, mwingine anakandamiza magoti taratibu na kusogeza kibao mpaka kiguse nyayo. Viatu vitoke, na kama ana rasta au misuko inayomzuia kichwa kufika ubaoni, ifumuliwe. Soma hadi milimita. Ukimpima amesimama, ongeza sm 0.7. Hakikisha pia tarehe ya kuzaliwa kwenye kadi, maana umri huu mwezi mmoja tu ni karibu sm 1.

Kama 76.0 ni sahihi: kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mvulana wa miezi 18 wa katikati ana sm 82.3, na mstari wa udumavu (-2, yaani hatua mbili za kipimo cha mtawanyiko chini ya katikati) uko 76.9. Huyu yuko chini yake. Uzito wake kwa urefu huo ni wa kawaida kabisa, ndiyo maana hakuna mtu nyumbani anayeshtuka. Mtoto aliyedumaa anaonekana kama mtoto mzima wa miezi 12. Ukweli wenyewe ni kwamba sm 75.7 ndiyo urefu wa katikati wa mvulana wa mwaka mmoja!

Kipimo kimoja hakitoshi kuhukumu. Rudia baada ya miezi 3, usifanye kabla, kosa la kipimo litameza ukuaji wenyewe. Anatakiwa aongeze kama sm 2.8.

Nasaba77

Fomula ni hii: jumlisha urefu wa baba na mama, ongeza 13 kwa mvulana (kwa msichana toa 13), gawa kwa 2. Hapa: 163 + 151 + 13 = 327, nusu yake 163.5, na unaruhusu sm 8.5 juu au chini. Lakini inakadiria urefu wa mtu mzima, haisemi kitu kuhusu miezi 18. Tena inachukulia kwamba wazazi walifikia urefu wao wote. Mahali ambapo wazazi nao walidumaa utotoni, unachoingiza kwenye hesabu ni njaa ya miaka ya nyuma, kisha unaiita vinasaba.

Siwaambii urithi hauna kazi. Kwenye jamii zinazokula vizuri, karibu asilimia 80 ya tofauti za urefu kati ya watu wazima inatokana na vinasaba. Ila mchango huo ni mdogo utotoni na unakua kadiri mtoto anavyokua. Urefu wa kuzaliwa unaamuliwa sana na tumbo la mama: chakula chake, malaria kwenye ujauzito, upungufu wa damu. Kwa hiyo bibi akisema "amefanana na mama yake", huenda ni kweli, ila si lazima iwe kwa damu.

Viwango vile havikutengenezwa kwa watoto wa Kizungu peke yao. Kati ya 1997 na 2003 walipimwa watoto takriban 8,500 wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, wote wanyonyeshwao na wa mazingira mazuri. Tofauti baina ya nchi ilikuwa kama asilimia 3 tu ya tofauti zote za urefu. Watoto wa Muscat na wa Oslo wakitunzwa sawa wanakwenda sambamba katika miaka hii ya mwanzo.

Na hoja ya mkoa wenu: utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta udumavu asilimia 30 Tanzania nzima, lakini Iringa ni zaidi ya nusu ya watoto chini ya miaka 5. Mbegu fupi haiwezi kuwa ya mkoa.

Ulezi_na_Dagaa

Mimi naona tatizo liko kwenye sufuria. Uji mwepesi wa bakuli la mililita 250 una unga kama gramu 18, yaani kilokalori 65. Tumbo la mtoto limejaa, ameshiba maji. Ukiongeza unga ufike gramu 50 unapata 180, ila uji unakuwa mzito hauingii mdomoni.

Dawa yake ni kimea. Loweka ulezi usiku mmoja, mwaga maji, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku 2 hadi 3 uchipue, anika juani haraka (ukichelewa unaota ukungu), pukuchua machipukizi, saga. Pika uji mzito, ipua, subiri upoe kidogo, tia kijiko cha chai cha kimea kwa bakuli na koroga. Uji uliokuwa unasimama kwenye mwiko unaanza kudondoka ndani ya dakika chache. Kisha uchemshe tena kidogo kuua vijidudu. Ukitia kimea kwenye uji unaochemka, kimekufa, hutaona mabadiliko. Mtama nao unafanya kazi, lakini machipukizi yake yana sianidi, yatoke yote.

Achaneni na unga wa lishe wa nafaka kumi. Nafaka kumi ni kundi moja la chakula, na karanga mbichi zikikaa ndani ya unga huo zinaleta sumukuvu (sumu ya ukungu) ambayo moto hauiondoi. Weka dagaa waliosafishwa mchanga na kusagwa, kijiko cha chakula kwa siku, yai, maziwa, mboga ya majani. Milo 3 hadi 4, na kitafunwa mara 1 au 2.

Ghala_Limejaa

Asanteni. Kwa kuongezea, mtoto ametulia mno, anabebwa mgongoni mchana kutwa na haongei.

Nasaba77

Hapo chakula peke yake hakitoshi. Kingston, Jamaica, mwaka 1986 na 1987, watoto 129 waliodumaa wenye miezi 9 hadi 24 waligawanywa: wengine maziwa ya unga kilo 1 kwa wiki, wengine mgeni wa kucheza nao na mama saa moja kila wiki kwa miaka 2, wengine vyote, wengine hawakupewa chochote. Walipofika miaka 22, waliochezewa walikuwa na kipato kikubwa kwa asilimia 25. Faida ya maziwa pekee kwenye akili haikudumu. Vifaa vilikuwa vya kuokota: vizibo, makopo, picha. Mwambieni bibi ndiye mwenye kazi hiyo: amtajie vitu, amsubiri ajibu, amshushe chini atembee.

Ubao_na_Rula

Na kwa kuwa haongei, apimwe masikio. Mkimaliza miezi 3 na hajaongeza hata sm 2 ilhali anakula, au akiwa amepauka na vidole vimewahi kuvimba, apelekwe hospitali achunguzwe: selimundu (ugonjwa wa damu wa kurithi), tezi ya shingo, TB. Mikono na miguu mifupi kuliko kiwiliwili, kichwa kikubwa, huyo asisubiri miezi 3. Hapo kweli ni vinasaba, na mara nyingi wazazi wake ni warefu wa kawaida tu.