Kimalei cha Pattani: nianzie wapi?

Assalaam alaykum ndugu zangu,
Nimehamia Pattani, kusini mwa Thailand, baada ya miaka miwili Kuala Lumpur. Kimalei nakisema, lakini hapa sishiki kitu. Jana mama mwenye nyumba kaniuliza jambo mara tatu, nikabaki kumtazama. Anayelijua eneo hili anisaidie.
Dada yenu, Pattani

---

Wa alaykum salaam dada,
Pole sana. Mimi niko Kota Bharu, Kelantan, ng'ambo ya mpaka, na usemi ni ule ule. Anza na mwisho wa neno. Pale unapotarajia -an, -am au -ang utasikia e: makan ni make, ayam ni aye, abang ni abe. Muuzaji mwanamume mwite "abe", kama sisi tunavyosema kaka. A ya mwisho huwa o, ndiyo maana mata ni mato. S huwa h: beras, mchele, ni berah. R hudondoka, besar ikabaki besa.

Kilichonichelewesha mimi ni mwanzo wa neno. Jale ni njia, jjale ni kutembea. Keda ni duka, kkeda ni kwenda dukani. Silabi ya mbele imemezwa, na konsonanti inayobaki hukazwa na kushikiliwa kidogo. Usiipuuze: katok ni kugonga, kkatok ni chura! Sikio la kazi hii tunalo. Ndugu zetu wa Kongo husema mutu, sisi mtu, na hiyo m tunaipa pumzi yake. Mbuni wa hadithi hatumchanganyi na mbuni ndege.

---

Dada, naongezea kutoka Yala. Kithai huwezi kukikwepa, ofisi na hospitali zote ni Kithai, na Wamalei wa huku hukichanganya wakizungumzia mambo hayo. Wathai wenyewe huiita lugha hii Yawi, kutokana na Jawi, maandishi yake ya herufi za Kiarabu. Kama ulisoma chuoni utotoni, jifunze Jawi. Inaandika makan kamili, hata msomaji akitamka make, kwa hiyo utayaona maneno yako ya Kuala Lumpur yalipojificha.

---

Shukrani, kaka zangu. Asubuhi mama kaniuliza tena, na safari hii nimesikia: "Make doh?" Umeshakula? Nikamjibu, "Doh." Kanishika mkono, kanikalisha, kanipakulia tena.