Maskini "haokoti": methali inamkataza au inamtetea?

Mwanagenzi ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wenu katika jambo lililonishughulisha tangu juzi. Binti yangu, ambaye anasoma methali shuleni, aliniuliza kwa nini maskini amekatazwa kuokota kitu kilichoanguka, ilhali mtu mwingine akiokota husemwa kuwa ana bahati. Alikuwa na methali isemayo "Maskini haokoti, akiokota huambiwa kaiba." Nilimjibu kwa haraka kwamba maskini anaonywa ajiepushe na lawama. Baadaye nilijuta, kwa sababu jibu hilo lilimwachia mtoto fikra kwamba wahenga walimtaka maskini akubali kudhulumiwa na anyamaze. Nilipojaribu kukumbuka methali nyingine zinazomtaja, niliona nyingi zinauma vilevile. Je, zilitungwa kumdhihaki maskini, kumfariji au kumfundisha?

Mwalimu wa Fasihi amejibu:

Ndugu Mwanagenzi, swali la binti yako ni zuri, na ufunguo wake umo ndani ya kitenzi chenyewe. Methali haikusema "maskini asiokote", jambo ambalo lingekuwa katazo. Imesema "haokoti", ambayo ni kauli ya kueleza hali ya mambo jinsi yalivyo siku zote. Tukisema kwamba samaki hapandi mti, hatumkatazi samaki, bali tunaeleza lisilotokea. Hata hivyo, msemaji anajua vizuri kwamba maskini huokota kama watu wengine, ndiyo maana mara moja anaongeza "akiokota". Kisha anakuja mshtaki: "huambiwa kaiba", yaani huambiwa ameiba. Angalia kwamba methali haisemi ameiba, inasema huambiwa. Neno hilo moja linamhamisha mwenye kosa: anayehukumiwa ndani ya methali hii ni yule anayesema, kwa kuwa ameona kitu kizuri mkononi mwa mtu asiyekuwa nacho jana akakosa maelezo mengine isipokuwa wizi.

Linganisha na methali ya kuku, ambayo watu huitamka kwa tofauti ndogondogo: "Kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, akilea huchukuliwa na mwewe." Umbo ni lilelile. Kwanza mlango unafungwa, halafu "aki-" inaufungua kidogo, halafu unafungwa tena, mpaka matumaini yote manne yamekwisha. Mimi husikia humo sauti ya mwenye kuku mwenyewe, aliyehesabu hasara zake moja baada ya nyingine. Mtu aliyeshiba asingeijua hesabu hiyo kwa utaratibu wa namna hiyo, na wahenga walikwisha kusema kwamba aliyeshiba hamjui mwenye njaa.

Amri ya kweli ukiitaka, iko kwingine: "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni." Hapo vitenzi vimebeba "-ni" ya kuamrisha watu wengi, na wanaoamrishwa ni wale wenye nguvu, si mnyonge. Siku hizi tunaitumia zaidi tunapotaka kumsifu mtu tusiyempenda kwa jambo alilolitenda vizuri, lakini madai yaliyomo ni mazito kuliko matumizi hayo: hata mtu mliyekwisha kumwelemea ana haki ambayo hamwezi kuigusa.

Mpenda Semi amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Nimefaidika sana na maelezo yako, lakini naomba tusizitakase methali zote. "Maskini akipata, matako hulia mbwata" ni dhihaka, na sioni namna ya kuigeuza kuwa utetezi. Inachora mwendo wa mtu aliyepata kidogo akaanza kujionyesha, na kicheko chake kinamwangukia maskini peke yake, kana kwamba tajiri hajawahi kutembea kwa maringo. Mtoto anapaswa kuambiwa wazi kwamba ndani ya hazina yetu imo pia sauti ya wenye nacho.

Zaidi ya hayo, methali moja hubadilika kwa kubadilika mdomo unaoitamka. "Mtegemea cha nduguye hufa maskini" ni wosia mwema mzazi anapomwambia kijana aliye na afya na nguvu za kufanya kazi. Maneno hayohayo akiambiwa mgonjwa aliyekuja kuomba msaada, yanakuwa njia ya kufunga mkono na kufunga mjadala. Nimewahi kuambiwa hivyo nikiwa katika shida, na sijasahau.

Kuna pia methali tunayoiharibu kwa kutoelewa sarufi. Katika "Mchumia juani hulia kivulini", wengi hudhani kwamba mtu huyo analia machozi, wakaifanya kuwa methali ya jasho lisilo na malipo. "Hulia" hapo inatokana na kula: atakula akiwa kivulini, kama alivyochuma akiwa juani. Ni ahadi, na wakati mwingine mwenye njaa huihitaji ahadi kuliko onyo.

Mwalimu wa Fasihi amejibu:

Marahaba. Nakubaliana nawe kuhusu mbwata, wala sitaitetea. Ningeongeza tu "Maskini na mwanawe, tajiri na mali yake", ambayo haina kitenzi hata kimoja. Wengine huifasiri kwamba kila mtu hukumbatia alicho nacho; mimi naona inapima pia vitu viwili na kuacha mizani wazi, bila kusema kipi kimezidi, na msikilizaji mwenye mtoto mapajani huwa hahitaji kuambiwa.

Mwanagenzi amejibu:

Nawashukuru nyote wawili kwa dhati. Jioni hii nitamrudia binti yangu na kumwambia kwamba nilikosea. Nitampa "haokoti" na "asiokote" aziweke pamoja katika daftari lake, kisha nimuulize ni nani hasa anayesema "kaiba".